Ružomberok si timu ya vichochoroni

Mhariri,

Katika makala yenu ya Jumapili kuhusu Everton, klabu ya ligi kuu ya England, mwandishi alikumbusha kwamba mwaka 2017 klabu hiyo ilihangaika mbele ya timu moja ya vichochoroni huko Slovakia. Timu yenyewe hakuitaja. Naomba nafasi niitaje: ni MFK Ružomberok. Naomba pia nieleze kwa nini neno hilo limenikera mimi, mtu wa Temeke nisiye na ndugu wala jamaa Ulaya Mashariki.

Julai 13, 2017 nilikuwa Uwanja wa Taifa, viti vya mzunguko, Everton ilipokuja kucheza na Gor Mahia ya Kenya. Rooney, ndio kwanza karudi kwenye klabu yake ya utotoni, alifumua shuti la mbali tukabaki midomo wazi. Tuyisenge wa Gor Mahia akasawazisha, Dowell wa Everton akamaliza kazi, 2-1. Na yule kijana aliyechomoka jukwaani kwenda kumkumbatia Rooney, mpaka leo mtaani kwetu wapo wanaoapa kwamba wanamfahamu.

Wiki mbili kamili baadaye, Rooney yuleyule alikuwa Goodison Park, uwanja wa Everton wakati huo, kwenye mchujo wa Europa League, na wapinzani wakawa hao Ružomberok. Tulijazana kibanda umiza tukisubiri mvua ya mabao. Likapatikana moja tu, la Leighton Baines. Marudiano kule Slovakia likapatikana jingine moja, la Calvert-Lewin, mechi ikielekea ukingoni. Kabla ya hapo Ružomberok walikuwa wameshawatoa Vojvodina ya Serbia na Brann ya Norway. Kibandani tulitoka tunabishana ni watu wa wapi hawa, na hakuna aliyekuwa na jibu. Nikaenda kulitafuta.

Ružomberok ni mji wa watu kama 26,000 kaskazini mwa Slovakia, kando ya mto Váh, milima kila upande. Jina lake maana yake ni mlima wa waridi, ndiyo sababu mashabiki huiita timu yao Ruža, yaani Waridi. Uwanja wao uko chini ya mlima Čebrať na hauingizi watu 5,000. Wabebeni wakazi wote wa mji huo, pamoja na wagonjwa walio katika hospitali kubwa ya jeshi iliyopo pale, muwalete Uwanja wa Taifa: nusu ya viti haitajaa.

Klabu ilianzishwa mwaka 1906. Wakati huo hapakuwa na nchi inayoitwa Slovakia. Mji ulikuwa ndani ya Ufalme wa Hungaria na Wahungaria waliuita Rózsahegy. Oktoba 27 ya mwaka uliofuata, huko Černová, ambako leo ni sehemu ya mji, askari waliwafyatulia risasi waumini waliokataa kanisa lao jipya libarikiwe bila padre wao, Andrej Hlinka, mzaliwa wa hapohapo. Watu 15 waliuawa. Sisemi soka lilihusika. Nasema timu hii ni ya rika la mambo hayo, na imepita Hungaria, Czechoslovakia, vita viwili vikuu na ukomunisti bila kuhama chini ya mlima ule.

Ukitaka kujua nani alikuwa na fedha mjini, soma majina ambayo klabu imewahi kubeba. Kuna enzi iliitwa BZVIL: hizo ni herufi za viwanda vya pamba vilivyopewa jina la Lenin, na Ružomberok ulikuwa mji wa nguo hasa. (Hapo lazima niwakumbuke Pamba ya Mwanza, mabingwa wetu wa 1990. Zao ni moja, bara mbili.) Pamba ya kule ikafifia, karatasi ikashika usukani, na jina likawa SCP, la kiwanda cha karatasi ambacho leo kiko chini ya Mondi, kampuni iliyozaliwa Afrika Kusini. Sasa ni MFK, kwa maana ya klabu ya soka ya mji. Mimi napenda hili la mwisho, ingawa sidanganyiki: mji mdogo bila kiwanda hauwezi kulipa mishahara ya ligi kuu.

Walipanda ligi kuu mwaka 1997, na kwa zaidi ya miaka 25 hawakushuka daraja. Slovan Bratislava, klabu ya mji mkuu yenye kila kitu, ilishuka katika kipindi hicho. Spartak Trnava pia.

Halafu kuna msimu wa 2005/06. Bingwa mtetezi alikuwa Artmedia, waliotoka kuwafunga Porto ya Ureno 3-2, nyumbani kwa Porto, kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa. Ružomberok chini ya kocha František Komňacký waliwavua ubingwa, kisha wakachukua na kombe la Slovakia kwa kuwashinda Trnava kwa matuta. Erik Jendrišek alifunga mabao 21 ya ligi. Yeye na Marek Sapara, aliyecheza kiungo hapohapo, walikuwemo kwenye kikosi cha Slovakia kilichoitoa Italia Kombe la Dunia la 2010, hapa hapa Afrika. Mchujo wa Ulaya mwaka huo wa ubingwa, Ružomberok waliwatoa Djurgården ya Sweden, wakakwama kwa CSKA Moscow. Mwaka 2024 wamebeba tena kombe la Slovakia, na waliofungwa fainali ni haohao Trnava. 1-0.

Na kwa kuwa gazeti lenu linasomwa hadi Nairobi, ingefaa pia kuwaambia wasomaji kwamba aliyekuwa winga wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, Patrick Oboya, aliwahi kuvaa jezi ya Ružomberok kabla ya kwenda Baník Ostrava ya Jamhuri ya Czech. Mchezaji wa ukanda huu ameishi na kulipwa mshahara katika hicho mnachokiita kichochoro.

Sidai mwombe radhi. Naomba tu siku nyingine mlitaje jina. Kama kikwazo ni matamshi, hiyo ž isiwatishe. Ni ile j ya Kifaransa. Muulizeni Mkongo yeyote hapo Kariakoo, atawatamkia vizuri tu.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam