Barua kwa Mwanahawa, kabla hajawapeleka watoto Katavi

Mwanga, Kigoma
6 Julai

Shoga yangu Mwanahawa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo. Mama anaendelea vizuri, ni goti tu linalomsumbua asubuhi za baridi hizi. Pole na kusahihisha mitihani. Barua yako nimeipata juzi kwa yule kijana uliyempa kwenye treni, nikaisoma pale pale stesheni, nikafika nyumbani nikaisoma tena.

Kwa hiyo mwalimu mkuu amekubali! Watoto arobaini wa darasa la sita, mwezi wa nane, hifadhi ya Katavi. Nimefurahi mpaka nimewaambia walimu wenzangu wote. Umeniuliza swali moja tu, "Tutegemee nini huko?", nami tangu juzi nalijibu kichwani, nikiwa sokoni, nikiwa kwenye daladala. Barua itakuwa ndefu, univumilie.

Watoto wanaingia porini na televisheni kichwani. Kwenye televisheni simba anamkamata nyati dakika tano tu baada ya kuonekana. Aliyepiga picha zile alikaa wiki nzima, pengine miezi, akisubiri, lakini kusubiri kwake hatuonyeshwi. Wanafunzi wangu niliowapeleka mwaka jana walianza kuimba "simba, simba" tangu tulipoipita Uvinza. Dereva wa Kosta tuliyokodi naye alitaka kuwafurahisha, Mungu ambariki kwa nia yake, ila alichofanya ni kukimbiza gari. Twiga huyo, dakika moja, haya twende. Pundamilia hao, haya twende. Vumbi limejaa ndani, watoto wawili wametapika, na ilipofika saa nne nikawauliza yule twiga alikuwa anakula mti gani. Hakuna aliyejua. Na mimi sikujua.

Mbele alikaa dada mmoja askari wa hifadhi tuliyepewa getini Sitalike atuongoze. Alikuwa mpole, hakusema neno muda wote ule. Tulipofika ukingoni mwa mto Katuma, upande wa Ikuu, akamgusa dereva begani: "Kaka, zima gari." Dereva akazima. Akageuka kwa watoto akasema, "Sasa tunakaa. Asiongee mtu mpaka mimi niongee."

Mwanahawa, hapo ndipo safari yetu ilipoanza.

Mwezi wa nane Katuma unakuwa umekatika katika, maji yamebaki kwenye madimbwi, na viboko waliokuwa wametawanyika kote wakati wa masika wanarundikana humo humo. Watoto walipotazama waliona mawe. Mawe ya kijivu, yamebanana, yamepakwa tope, hata pa kupitisha mkono hakuna. Tukakaa. Kisha jiwe moja likachezesha sikio, sikio likazunguka, likarusha matone. Halafu jingine. Kuna binti wangu mmoja ambaye darasani hajawahi kunyoosha kidole tangu aanze shule. Akanivuta kanga akaninong'oneza, "Mwalimu, mawe yanapumua."

Harufu ni kali, nisikufiche; waambie mapema ili wasianze kuziba pua na kucheka. Na kuna sauti. Kiboko mmoja anaguna upande huu, wa pili anapokea, wa tatu anapokea, inakwenda mpaka mwisho wa dimbwi kama kiitikio cha ngoma, kisha kimya. Yule dada alikuwa anatueleza kidogo kidogo, kila akiona kitu. Wale wenye ngozi inayong'aa wekundu hawatoki damu, ni majimaji yanayotoka kwenye ngozi yao wenyewe, yanawakinga na jua na vijidudu. Kiboko anaweza kukaa chini ya maji dakika kama tano. Watoto wakaomba saa yangu, wakamchagua mmoja, wakaanza kuhesabu. Usiku wanatoka kwenda kula majani, mmoja anaweza kumaliza kilo arobaini hivi. Mvulana mmoja ambaye baba yake ni fundi ujenzi akasema, "Karibu mfuko mzima wa saruji." Hesabu hiyo nisingeweza kuifundisha vizuri kuliko yeye.

Ukingo wa ng'ambo ulikuwa na mashimo makubwa, nikadhani maji yameyachimba. Kumbe ni mapango ya mamba. Kiangazi kikikaza wanajibana humo, hata mmoja juu ya mwingine, wakingoja mvua. Mmoja alikuwa nje, kinywa wazi, hatikisiki. Watoto wakaapa ni sanamu. Dada akawaambia anapunguza joto mwilini, wamtazame tumbo. Ikachukua muda, lakini wote thelathini na nane waliliona likipanda na kushuka.

Tulikaa pale karibu saa nzima. Dereva mwenyewe mwishoni alikuwa amelaza kidevu kwenye usukani anatazama kama mtoto. Kwa hiyo ombi langu la kwanza na kubwa, shoga yangu: panga sehemu chache na ukae. Ongea na dereva mapema, siku moja kabla, mbele ya anayelipa, mkubaliane kwamba muongozaji akisema simama gari linasimama. Usiliache jambo hilo mpaka mkiwa ndani.

Baada ya hapo watoto walibadilika. Dada aliwafundisha kwamba mnyama unayemtafuta unaonyeshwa na wengine. Swala pala wakiinua vichwa wote na kukazia macho upande mmoja, kuna kitu upande huo. Tumbili akilia kwa ukali juu ya mti bila kunyamaza, mtazame anaangalia wapi. Tai wakiwa wanazunguka juu wanatafuta; wakishaanza kutua mmoja mmoja, ujue kuna mzoga. Kuanzia hapo hawakuniuliza tena "simba yuko wapi?" Walikuwa wanaambiana, "Tazama nyamera yule juu ya kichuguu, masikio yake!"

Na simba hatukumwona. Nakwambia wazi ili ujiandae, maana Katavi simba wapo wengi na bado unaweza kuzunguka kutwa nzima usimwone hata mkia. Lakini jioni tukirudi kwa njia ile ile tuliyokuja nayo, dada akasimamisha gari, akashuka peke yake na bunduki yake, akachuchumaa. Akaweka kiganja chake chini. Kando ya kiganja kulikuwa na unyayo, mkubwa kukizidi, umekanyaga juu ya alama ya tairi letu la asubuhi. Hauna alama za kucha, akasema, kwa sababu simba anazirudisha ndani akitembea. Ungekuwa wa fisi kucha zingeonekana. Kwa maana hiyo alipita nyuma yetu. Watoto walibanana madirishani hawasemi kitu. Mpaka leo ukiwauliza habari za Katavi wanakuhadithia unyayo ule.

Hilo la kusubiri sisi wa Kigoma tungepaswa kulijua kuliko wengine wote. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alifika Gombe hapa kwetu Julai 1960, na miezi kadhaa ilipita sokwe wakimkimbia kila akisogea. Alikuwa anakaa kilimani na darubini, basi. Siku moja ukija likizo nikupeleke. Kule hakuna gari kabisa, ni kupanda milima kwa miguu, na mbele ya sokwe unavaa barakoa na kukaa mbali mita kumi, kwa kuwa mafua yetu yanawaua.

Sasa jambo ambalo mimi nilikosea na ninakusihi wewe usilirudie: sare. Niliwapeleka watoto na sare zao za shule, mashati meupe na sketi na kaptula za bluu iliyokolea, nikitaka wapendeze. Ndorobo, yaani mbung'o, wanapenda bluu na nyeusi. Barabarani utaona vitambaa vya bluu na vyeusi vimetundikwa mitini, ni mitego yao, vimetiwa dawa. Nami nilikuwa nimebeba mitego thelathini na nane kwenye basi moja. Ndorobo hufuata gari linalotembea, huingia madirishani, na sindano yake inapita kwenye nguo. Kuna watoto walirudi mapaja yamevimba, na wazazi wawili walinifuata shuleni. Walikuwa na haki. Wavae nguo za nyumbani, za kahawia, kaki au kijani kilichofifia, mikono mirefu, na wasichana wavae suruali ndani. Bluu hapana, hata mkoba. Manukato hayawafukuzi. Mkipita maeneo yenye miti mingi ya miombo fungeni vioo hata kama joto limezidi. Mkitokea kwenye mbuga ya wazi isiyo na miti wanapungua. Na kwa kuwa ndorobo ndiye anayeeneza ugonjwa wa malale, waambie wazazi kwa barua kabisa: mtoto akipata homa wiki zinazofuata wampeleke hospitali na wamweleze daktari kwamba alikuwa porini. Wewe unatoka Tabora, wazee wako wanajua malale iliwahamisha watu wangapi vijijini enzi za Mwingereza.

Mengine ni madogo. Mtapita Sikonge na Koga mpaka Mpanda, lami inawafikisha vizuri, na Mpanda hadi Sitalike si mbali. Laleni huko huko ili saa kumi na mbili asubuhi muwe getini, maana wanyama wanatembea asubuhi na jioni; kuanzia saa sita mpaka saa tisa hata tembo anatafuta kivuli, na nyinyi leni na mpumzike. Malipo getini si ya fedha taslimu, mtapewa namba ya malipo, kwa hiyo waandikie hifadhi mapema, peleka barua ya shule na orodha ya majina, mlipe kabla hamjaondoka. Chakula kipakieni kwenye vyombo vya mfuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na nyani wa pale wanajua kufungua rambo kuliko sisi. Beba masweta, asubuhi upepo unakata. Kuchimba dawa ni mahali muongozaji atakaposema tu. Hakuna kushuka nyuma ya kichaka hata mtoto akilia, kwa hiyo kila mnapofika kwenye choo washuke wote, anayetaka na asiyetaka.

Ndani ya gari, wasisimame, wasitoe mikono, wasipige makofi. Wanyama wamelizoea gari, wanaliona kama kitu kimoja kikubwa kisicho na shari. Mtoto akichomoza kiwiliwili nje, kile kitu kimoja kinavunjika, hapo wanaona mtu. Mkikutana na tembo barabarani njia ni yake. Akitandaza masikio na kutikisa kichwa dereva arudi nyuma taratibu, asipige honi. Mkikuta nyati wanavuka huko mbuga ya Katisunga, zimeni gari mkae. Sisi tulisubiri kundi likapita, likapita, likapita, tukaacha kuhesabu, na wale ndege wanaodonoa kupe wamepanda migongoni mwao kama abiria.

Mwambie pia muongozaji awahadithie watoto habari za mkwaju wa ziwa Katavi. Jina la hifadhi limetoka kwa Katabi, mwindaji ambaye wenyeji wanaamini roho yake inakaa kwenye mti ule, na watu humpelekea sadaka. Wangu walinyamaza kuliko walivyonyamaza kwa kitu kingine chochote siku ile, ukitoa viboko.

Umesema yule mwalimu mwenzenu anaona bora mngekusanya fedha miaka miwili mwende Serengeti. Serengeti ni kubwa, kilomita za mraba 14,763, Katavi ni 4,471, na nyumbu zaidi ya milioni moja huku hatuna. Lakini Serengeti wakati wa wageni wengi utakuta magari yamemzunguka simba mmoja, kila mtu anagombea pa kutazamia. Sisi Katavi kutwa nzima tulikutana na magari mawili. Kwa mtoto wa darasa la sita, ambaye miaka miwili ijayo atakuwa ameshaondoka shuleni kwako, nenda mwezi wa nane huu huu.

Nimempa kijana wako kifurushi. Kuna migebuka ya kukausha kwa ajili ya mama mkwe wako, chupa ya mawese, na darubini yangu nimeifunga ndani ya kanga ile ya kijani. Jicho la kushoto gurudumu lake limekaza kidogo, usililazimishe, lizungushe polepole ukilisukuma kwa ndani. Watoto arobaini kwa darubini moja, wape kwa zamu, kila mmoja ahesabu mpaka ishirini halafu ampe mwenzake. Yule anayekaa nyuma kabisa asiyependa kusema, mpe kwanza.

Niandikie mkirudi, na mimi nataka kujua walihesabu dakika ngapi.

Wako,
Zaituni