Kabla ya kupiga Windows upya, angalieni saa

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wenu wa safu ya teknolojia, aliyewaambia wasomaji kwamba antivirasi ikileta kosa na kukataa kusasishwa, dawa yake ni kupiga Windows upya, yaani kuifuta na kuiweka tena kuanzia mwanzo. Mimi ni fundi wa kompyuta mstaafu, ingawa majirani hawajakubali kwamba nimestaafu. Ushauri ule utawapotezea watu picha na mahesabu yao bure.

Nikiletewa kompyuta ya mezani ya siku nyingi, inayosema masasisho yameshindikana, kitu cha kwanza ninachotazama si virusi. Ni saa, pale chini pembeni. Mara nyingi nakuta tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa. Kwenye ubao mama kuna kibetri cha duara, kwa kawaida CR2032, kinachoitunzia kompyuta saa umeme ukichomolewa. Kikifa, tarehe inapotea. Sasa, antivirasi haipokei masasisho kutoka kwa yeyote tu. Hukagua kwanza cheti cha kidijitali, yaani kitambulisho, cha seva (kompyuta ya kampuni inayotuma masasisho), na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa kompyuta inayodhani iko miaka kumi nyuma, cheti hicho hakijaanza hata kutumika, basi inakikataa. Kivinjari nacho kitalalamika kwamba tovuti si salama. Rekebisha tarehe, badilisha kibetri, umemaliza. Piga Windows mara saba bila kugusa kibetri, kosa litakusubiri pale pale.

Halafu kuna mabaki. Mtu aliweka antivirasi ya majaribio, muda wake ukaisha, akaweka nyingine juu yake. Mafahali wawili hawakai zizi moja: kila moja inataka kukagua kila faili linalofunguliwa, kompyuta inakuwa nzito na makosa yanaanza. Windows 10 na 11 huja na Microsoft Defender, ambayo kwa kawaida hujiweka kando ikiona antivirasi nyingine imesajiliwa. Ile nyingine ikiondolewa nusunusu, Defender inaweza kubaki imekaa kando, na mwenye kompyuta asiwe na ulinzi wowote. Kufuta folda kwa mkono hakutoshi, tena huharibu zaidi. Iondoe kupitia mipangilio, kisha tumia programu ya usafishaji ambayo kampuni nyingi za antivirasi huitoa bure kwenye tovuti zao, halafu washa kompyuta upya.

Sisemi virusi havipo. Vipo vinavyochezea faili la hosts, ambalo kompyuta hulisoma kujua anwani za tovuti, ili kompyuta isifike kwenye seva za antivirasi. Tovuti nyingine zote zinafunguka, hizo tu ndizo zinazogoma. Na safari nyingine kosa ni la wenye programu wenyewe. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Tiba iliyotolewa ilikuwa kuwasha kompyuta katika hali salama (Safe Mode, inayowasha vitu vya lazima tu) na kufuta faili la sasisho lile, si kufuta diski nzima.

Onyo linalojitokeza ndani ya kivinjari likipiga king'ora na kukupa namba ya simu, hilo hata si kosa la antivirasi. Ni matapeli. Microsoft imeshasema maonyo yake hayana namba ya simu. Funga kivinjari, usimpigie mtu.

Ninachoomba ni safu ijayo iwaambie wasomaji waandike namba ya kosa kabla ya kufunga kile kisanduku. Mfano, 0x80070422 humaanisha kuna huduma ya Windows iliyozimwa. Huwashwa tena kwenye orodha ya huduma, bila kugusa picha hata moja ya mtu. Fundi ambaye hataki hata kuisoma namba hiyo, mnyimeni kompyuta.

Fundi mstaafu