Kumlipa mtu akusaidie kupanga nyumba sio uvivu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Kila nikitaja kwamba namlipa mtaalamu wa kupangilia vitu aje nyumbani kwangu, jibu ni lile lile, mtu mzima na mikono yako miwili unashindwaje kupanga nyumba yako mwenyewe, huo ni uvivu tu unatafutiwa jina la kidaktari.

Mimi nina ADHD, hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kutulia, kukaza akili kwenye jambo moja na kupanga mambo. Niligundulika nikiwa tayari mzazi, na hilo nalo watu hawalielewi kwa sababu wanajua ni ya watoto watukutu wasiotulia darasani basi. Mwongozo wa DSM-5 wa madaktari wa akili wa Marekani, uliotoka mwaka 2013, unasema wazi kuwa kuanzia miaka 17 mtu anahesabiwa kuwa nayo kwa dalili zisizopungua 5 wakati mtoto ni 6, ila lazima dalili kadhaa ziwe zilikuwepo kabla ya miaka 12. Zangu zilikuwepo, ziko kwenye ripoti zangu za shule kila muhula, "ana uwezo ila hajitumi".

Watu wanadhani sijui kupanga. Najua vizuri sana, naweza hata kukuelekeza wewe. Shida ni pale kati ya kujua na kufanya. Nikishika bahasha ya bili mimi sioni bahasha, naona kuisoma, kutafuta namba ya akaunti, kulipa, kukumbuka kama nimelipa, kutafuta pa kuiweka, vyote vinanijia kwa mpigo na kichwa hakichagui kianze na kipi, basi naiweka mezani nitairudia, nikigeuka tu imeshatoka akilini kama haijawahi kuwepo. Droo yangu moja ilijaa bahasha ambazo hazijafunguliwa mpaka ikawa haifungi, nikahamia droo ya pili. Tulipokuja kuzifungua tulikuta bili ile ile mara tatu, ya kwanza ya kawaida, ya pili ya kukumbusha, ya tatu ina faini, na hela ya kulipa nilikuwa nayo muda wote huo. Hapo ndio huwa nauliza, mvivu gani huyo anayekubali kulipa faini?

Sasa niseme ukweli, mtu wa kwanza niliyemwita hakunisaidia. Alifanya kazi ya kupendeza, nyumba iling'aa, kila kitu kwenye boksi lenye kifuniko na lebo, maboksi yote kabatini. Wiki tatu baadaye nilikuwa nimeshanunua mkasi mwingine na chaja nyingine, kwa sababu kwangu mimi kitu kisichoonekana ni kitu ambacho hakipo. Simlaumu, alipanga kwa kichwa chake, nyumba ikawa inamfaa yeye.

Wa pili siku ya kwanza hakugusa kitu, aliuliza tu maswali. "Ukiingia ndani, funguo zinaangukia wapi?" Nikamwonyesha kiti kilichopo karibu na mlango. Akapigilia msumari ukutani palepale juu ya kile kiti, na mpaka leo funguo zinakaa hapo. Yale maboksi akayavua vifuniko vyote. Halafu kuna zile nguo ambazo sio chafu za kufua wala sio safi za kurudi kabatini, nilizogombezwa nazo utoto wangu mzima, hakuniambia nizikunje, aliniwekea kulabu nne nyuma ya mlango wa chumbani akasema makazi yake ni haya. Jamani nililia.

Na zile bahasha za droo ya kwanza hakufungua hata moja. Alivuta kiti akakaa pembeni yangu na daftari lake, mimi nafungua yeye yupo tu, nikianza kutangatanga anauliza kwa sauti ya chini, hiyo uliyoshika inaenda wapi? Kazi iliyonishinda miezi mingi tuliimaliza kwa saa mbili. Wenye ADHD wengi watakwambia hivyo hivyo, mtu akikaa karibu tu, hata kama anafanya yake, mikono inaanza kwenda.

Kuna wanaosema si umwite ndugu yako, ni bure. Dada yangu alijaribu kwa moyo mzuri kabisa, tulimaliza hatuongei, maana kila kitu alichookota kilikuwa na historia, hiki si nilikupa mimi, hiki si ndio ulikipoteza mwaka ule. Mgeni hana kumbukumbu hizo. Ukiwa na ndugu anayeweza kukaa kimya mshukuru Mungu na umtumie, lakini kama huna, unapolipa unalipia pia kutosimangwa.

Hii sio kazi ya kubuni juzi. Marekani hawa watu wa kupangilia vitu wana chama chao tangu 1985, na kuna taasisi nyingine inaitwa Institute for Challenging Disorganization inayowafundisha namna ya kusaidia watu ambao mpangilio umewashinda miaka nenda miaka rudi. Kwahiyo anayetafuta mtu amuulize kwanza kama ameshawahi kufanya kazi na mwenye ADHD, akianza kutaja maboksi kabla hajauliza unaishije, tafuta mwingine. Asitupe kitu bila wewe kusema ndio. Mkubaliane pia kwamba atarudi, maana mpangilio utavurugika, kwetu sisi huwa unavurugika, na hapo anaangalia ni wapi haukukufaa anaurekebisha. Daktari wako usimwache, mimi dawa natumia na zinanisaidia kutulia, ila bado hakuna kidonge kinachopigilia msumari ukutani.

Mhariri, ninachoomba kwako ni kimoja, ukurasa wenu wa afya uandike ADHD ya watu wazima, wamhoji daktari na hawa watu wa kupangilia vitu pia. Kuna mtu sasa hivi ana droo haifungi na anaamini yeye ni mtu mbaya.

Droo yangu ya pili tunaifungua wiki ijayo.

Msomaji wako wa siku nyingi