Wazazi hatuna mwamko? Nirudishieni jogoo wangu

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako tangu ujana na sijawahi kukuandikia, lakini ile habari yenu ya matokeo ya Kidato cha Nne imenitoa pangoni. Eti afisa elimu amegundua kwamba shule za kata za vijijini zinafeli kwa kuwa wazazi hatuna mwamko.

Mwamko upi anautaka? Rais Kikwete alipoagiza mwaka 2012 kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, huku kwetu tulichangishwa kaya kwa kaya. Wanawake walisomba mchanga kwa ndoo kichwani. Mimi nilichelewa wiki mbili, nilikuwa nauguza. Mgambo wakaja alfajiri na mtendaji wao, wakaondoka na jogoo. Risiti sikupewa. Haya, majengo yakasimama, yakaezekwa, wakubwa wakapiga picha, wakaenda zao. Mwaka jana mjukuu wangu kamaliza Kidato cha Nne hapo hapo. Maabara ya kemia imejaa madawati mabovu. Sinki lipo, bomba hakuna (niliinama mwenyewe nikachungulia: tundu tupu linatazama udongo). Bureti, ule mrija wa kioo wenye koki wa kupimia asidi, mjukuu kaisoma miaka yote kwa mchoro wa chaki. Kaishika mara ya kwanza asubuhi ya mtihani wa vitendo, baada ya shule kuazima vifaa. Robo saa nzima anatafuta inafunguliwa wapi! Kapata F, yeye na karibu darasa lote. Sasa aliyekosa mwamko ni nani hapo, mimi au jogoo?

Na hao walimu wa sayansi. Wa fizikia aliripoti Januari, akapokea fedha za kujikimu, masika hayajakatika kashapata uhamisho wa kumfuata mwenza. Simlaumu sana, nyumba aliyopewa haina hata choo cha maana. Lakini mbona hao wenza wote wanaishi mjini? Hakuna mwalimu aliyeoa kijijini?

Ombi langu ni hili: kile kikao cha tathmini ya matokeo ambacho hufanyika ukumbini kwenye viti vya vitambaa, safari hii kifanyike ndani ya maabara yetu ya kemia. Kila mjumbe achorewe bureti yake ubaoni, apime asidi. Chai ichemshwe kwa maji ya lile sinki. Kitoweo wasitarajie, walishakula.

Babu asiye na mwamko