Wa New York, someni kabla ya kufunga mizigo

Habari za jioni wapendwa. Aliyesema jana safari ya Julai ni masaa manane alipiga hesabu kwa saa za kwenye tiketi tu. Nairobi hadi New York ni karibu kilomita 11,800. Ndege ya moja kwa moja hukaa hewani masaa 15 hivi. Tukiruka saa sita usiku, tunatua saa mbili asubuhi ya kule, na nyumbani ni saa tisa alasiri. Kurudi ni nafuu kidogo, upepo wa juu unatusukuma mashariki.

Akina mama wenye miguu ya kuvimba, bebeni ndala. Dawa za presha zikae mkoba wa mkononi, SI kwenye sanduku!

Tukutane JKIA saa tatu usiku. Nikisema saa tatu sisemi saa nne.