Baba Njeri, twende hiyo ultrasaundi

Baba Njeri, salamu sana ndugu yangu.

Juzi kwa simu uliniambia unaamka mara nne usiku kukojoa na chai ya jioni umeacha, eti ni uzee tu. Mimi nilisema hivyo hivyo miaka mitatu, nikienda tao kutoka Umoja lazima nishuke Muthurwa nitafute choo, hadi usiku mmoja mkojo ukakataa kabisa kutoka, kijana wangu akanikimbiza hosi nikiwa nimejikunja kwa siti ya nyuma, wakaweka katheta, ule mpira wa kutoa mkojo, ikatoka lita moja na nusu. Hayo maumivu sitaki uyajue.

Kupimwa, tezi dume, ile iko chini ya kibofu imezunguka njia ya mkojo, ilikuwa gramu 130 na ya kawaida ni kama 25 hivi. Kansa haikuwa. Tamsulosin nilikuwa nameza lakini hiyo inalegeza misuli tu, tezi haipungui, na ikishakuwa kubwa hivyo kuikwangua kupitia njia ya mkojo ni ngumu, kwa hivyo mimi niliambiwa ni kupasuliwa tumbo ama roboti. Watoto na chama wakachanga nikaenda India.

Usidhani roboti inajifanyia kazi yenyewe. Kabla wanilaze niliiona, mikono minne imefunikwa plastiki, na kando kuna kiti cha daktari, anaingiza vidole kwa vishikio, anaangalia ndani kwa kamera, akisogeza kidole na ule mkono unasogea. Nilitobolewa matundu sita madogo, na damu haipotei sana kama kupasuliwa. Wanatoa nyama ya ndani, ganda linabaki, ndio maana PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, bado napima, juu kansa inaweza kuota kwa hilo ganda.

Na hii nakuambia kama mwanaume, nguvu ziko, lakini shahawa siku hizi zinarudi kwenye kibofu, hazitoki. Daktari alinieleza mapema nikakaa chini na mama watoto tukaongea kabla ya safari, na nashukuru tuliongea.

Katheta ilikaa siku saba. Siku waliitoa nikasimama chooni mkojo ukatoka kwa nguvu, nikausikia unagonga maji, nikalia Baba Njeri, nililia kabisa.

Tezi yako pengine ni ya vidonge tu, si lazima ufike kwa roboti, lakini ipimwe kwanza kwa hiyo ultrasaundi kabla ikuzibe. Jumanne saa mbili asubuhi nakupitia na gari ya kijana, si matatu, na usikojoe kabla tufike juu wanataka kibofu kimejaa, halafu ndio utakojoa wapime kinachobaki. Nitakuwa hapo nje nakungoja.