Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: tumesoma nini na imetugusaje

Ndugu wanachama, salamu nyingi kwenu. Asanteni sana kwa kujitokeza, mwaka huu vikao vyetu vya usomaji havikukosa watu hata siku za mvua, ya ada na matumizi mhazini atayasema mwenyewe, mi niongelee vitabu.

Tulikubaliana tusome riwaya za zamani zenye yatima na watoto wa vituo, na wengi humu tumelelewa huko huko kwahiyo tulisoma kwa uchungu. Iliyotushika zaidi ni Oliver Twist ya Dickens, ilianza kutoka vipande vipande 1837, Uingereza ikiwa imepitisha sheria mpya ya maskini 1834, ile ya kuwapeleka wanaoomba msaada kwenye nyumba za kazi. Ile ya Oliver, yatima wa nyumba hiyo, kuomba aongezewe uji kila mtu anaijua, ila mjadala mkali ulikuwa kwenye jina. Yule Bumble, ofisa wa parokia, anawapa watoto majina kwa kufuata alfabeti, aliyetangulia kaangukia S, Oliver akapewa T ndo akawa Twist, na atakayefuata jina lake Unwin lishaandaliwa hata hajaletwa! Mwanachama mmoja akasema na yeye ubini wake aliandikiwa na karani tu, wengine nao wakaanza kusimulia ya kwao, siku hiyo kikao kilipitiliza sana.

Halafu kuna Dick, yatima mwenzake Oliver. Oliver anatoroka, Dick mgonjwa anapanda geti, anamkumbatia shingoni na kumwombea baraka. Oliver baadaye anapata ndugu na urithi, anarudi kumchukua mwenzake anakuta kashakufa. Jane Eyre, yatima wa riwaya yenye jina lake (1847), naye anarithi pauni 20,000 za ndugu ya baba yake, na Heathcliff wa riwaya ya Wuthering Heights ya mwaka huo huo, mtoto aliyeokotwa Liverpool, asiye na ukoo wowote, anageuzwa mkatili. Yaani mtoto anaokoka ukoo wake ukijulikana, la sivyo afe au awe mbaya. Vitabu vizuri mno lakini hapo mimi nabisha, maana wengi wetu hakuna ndugu aliyetokea na tupo, tunalea watoto wetu.

Ndo maana napendekeza mwakani tuanze na Anne of Green Gables (1908), ya Kanada. Kaka na dada wazee wanaagiza mvulana wa kusaidia shamba, analetwa msichana, wanaamua kubaki naye, na hakuna undugu wa damu unaokuja kufichuka. Nakala ni chache, anayetaka amwone katibu leo kabla hajaondoka.